Shangazi, mume wangu anataka tuende wote kwenye theluji, mpaka mama yake, na mimi naogopa

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga ila niko Munich mwaka wa sita huu. Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao yuko zamu, maana hili jambo nikilizungumza mbele yake naishia kulia.

Mume wangu tangu apate kazi huku ameyapenda mambo ya theluji kupita kiasi. Wenzake kazini walimfundisha snobodi, kule kuteleza kwenye theluji kwa ubao mmoja, huu unaokuja ni msimu wake wa nne, na kiukweli anajua. Sasa anataka likizo ya shule ya mwezi wa pili twende familia nzima Zell am See, kule Austria, wiki nzima. Wifi yangu anakaa Muscat, walienda pale kiangazi na watoto wao, yeye ndo kamtia moto kaka yake, katuma picha za ziwa na mji pembeni na milima nyuma yake mpaka na mimi nikasema pazuri. Sikatai pazuri.

Ila mama mkwe atakuwa kwetu, anatua tarehe 3 Januari 2027 kwa viza ya siku 90. Ana miaka 67, ana presha anatumia dawa, magoti nayo yanamsumbua. Theluji hajawahi kuiona, kwake yeye baridi ya Lushoto mwezi wa saba ndo mwisho wa baridi. Mume wangu anasema mama atafurahi tu. Atafurahi na nini Shangazi? Na mimi nimeangalia kalenda naona likizo hio inaangukia mwanzo wa Ramadhani.

Alafu kuna langu mimi. Msimu uliopita alinichukua siku moja kwenye kilima karibu na huku anifundishe mwenyewe skii, yani kuteleza kwa mbao mbili, kila mguu na wake. Akanionyesha kidogo pale chini, kama nusu saa hivi, tukapanda lifti mpaka juu, kufika nikaona mteremko wenye kibao chekundu na watu wananipita kama mshale. Nikaanguka, nikaanguka tena, miguu ikaisha nguvu. Akaniambia nifuate polepole akatangulia, mi nikabaki nimekaa kwenye theluji dakika 40 sijui niende wapi, mpaka watu wa uokoaji wakanikuta wakanishusha kwa kile kitanda cha kukokota. Sikuumia, ila aibu niliyoipata siwezi kukuelezea. Yeye aliona ni kitu cha kawaida, ananiambia kila mtu anaanza hivyohivyo.

Mtoto wa kwanza ana miaka 13, anataka snobodi kama baba yake, halali usingizi, anatazama video. Binti ana miaka 6. Naogopa gharama, naogopa mama mkwe asije akaugua ugenini, na naogopa kurudi juu ya ule mteremko. Nimefikiria niwaambie waende wao mi nibaki na mama nyumbani, lakini wifi anasema nitakuwa nimeigawa familia. Nifanyeje?

Mama wawili, Munich

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na nimeanza na zile dakika 40. Pole sana. Nataka ujue hukuwa mwoga na wala hukushindwa kitu. Huku Austria na huko kwenu Ujerumani njia za kuteleza zina rangi, buluu ndo rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenye uzoefu, na mtu ambaye hajamaliza hata siku moja ya kujifunza kusimama haendi kwenye buluu yenyewe, anaanzia pale chini kwenye uwanja wa mazoezi, kwahiyo kukupandisha nyekundu baada ya nusu saa lilikuwa kosa, na kosa hilo ni la mumeo. Simsemi kwa ubaya, anakupenda na anatamani upende anachokipenda yeye, ila alikosea na inabidi ayasikie hayo kutoka kwako kabla hamjalipa hata senti ya nyumba.

Jibu langu ni nendeni, na wewe uende. Ila safari hii ipangwe kuanzia kwa mama mkwe na kwako ndo wengine wafuate. Mwenye kujua kuteleza popote utakapomweka atafurahi, hata ukimpa asubuhi mbili tu. Asiyejua akiwekwa pabaya siku ya kwanza, wiki nzima imekufa na nyumba nzima inakuwa na kinyongo.

Tarehe kwanza. Februari achaneni nayo. Likizo ya shule Bavaria ni tarehe 8 mpaka 12 Februari 2027, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hizohizo, na hata bila Ramadhani ndo wakati milima imefurika na bei ziko juu kuliko kawaida. Najua mtu angekwambia nendeni katikati ya Januari kuna nafuu, lakini una mtoto wa shule, na Ujerumani kumtoa mtoto shuleni kwa ajili ya likizo hawakuelewi, wazazi wanapigwa faini. Kwahiyo angalia Pasaka. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, likizo ya Bavaria inaanza tarehe 22, Idi itakuwa imeshapita, mko huru. Chukueni Jumamosi tarehe 20 mpaka Jumamosi tarehe 27, nyumba nyingi za kupanga huku zinakodishwa Jumamosi kwa Jumamosi, na mtakuwa mmeondoka kabla ya Pasaka yenyewe. Na hesabu siku za mama vizuri: siku ya kuingia inahesabika na ya kutoka inahesabika, akitua tarehe 3 Januari siku yake ya 90 ni tarehe 2 Aprili, kwahiyo hio wiki ya kwanza ya likizo inawafaa, ya pili mtakuwa mnakimbizana na ndege.

Utaniuliza mwisho wa Machi theluji ipo kweli? Hapo ndo nawasifu kwa kuchagua Zell. Mji wenyewe uko mita 757 tu, kule chini mwezi wa tatu unaweza ukakuta majani yameanza na ziwa liko wazi, lakini jirani yake Kaprun kuna mlima Kitzsteinhorn wenye barafu ya kudumu, watu wanateleza mpaka karibu mita 3,000, na ndo sehemu ya kwanza Austria kufungua kuteleza kwenye barafu ya namna hio, mwaka 1965. Theluji pale inakuwepo mpaka masika yameisha. Mlima wa pili, Schmittenhöhe, uko juu ya mji wa Zell wenyewe, mita 1,965, na wao kwa kawaida wanakuwa bado wamefungua kipindi hicho, ila asubuhi theluji ni ngumu, saa 4 mpaka saa 6 ndo tamu, mchana jua likiwaka inakuwa kama uji na miguu ya mwanafunzi inachoka haraka. Kwahiyo mwezi wa tatu watu wanateleza asubuhi, baada ya chakula wanarudi kupumzika. Kwa familia yenu hilo ni zuri, maana mama hakai peke yake kutwa nzima.

Sasa mama. Mimi nakaa Salzburg mwaka wa 19 huu na marehemu mama yangu nilimpeleka Zell akiwa na miaka 70, kwahiyo hili naliongea kutoka moyoni. Mumeo akikwambia wakapange nyumba kule juu karibu na lifti pamoja na wenzake, kataa. Mama anataka tambarare. Tafuteni apatimenti katikati ya mji wa Zell, dakika chache kwa mguu kutoka ziwani, iwe na lifti ya jengo au iwe chini kabisa, muulizeni mwenye nyumba swali hilo waziwazi maana magoti ya mama hayataki ghorofa tatu za ngazi na buti za theluji miguuni. Pembeni ya ziwa kuna njia iliyonyooka ya kutembea, benchi zipo, bata wapo, mikahawa ipo, na stesheni ya treni iko hapohapo mjini karibu na maji. Mama yangu alikuwa anatoka peke yake asubuhi anakaa kwenye benchi na tasbihi yake anatazama ng'ambo, na jioni anatusimulia aliyoyaona kuliko sisi tuliotoka mlimani. Ila mkikuta barafu imebaki juu ya maji mahali popote mtu asiikanyage, watoto waambieni mapema, barafu ya mwezi wa tatu haibebi mtu na lile ziwa linafika kina cha karibu mita 70.

Kupanda mlimani anaweza kabisa, tiketi za watu wasioteleza zipo. Mpelekeni Schmittenhöhe kwa gondola, yani kile kijumba kinachoning'inia kwenye waya, na akiogopa mwambieni mlima huo watu wanapandishwa kwa waya tangu 1927. Juu kuna mahali pa kukaa juani, chai, na kikanisa kidogo cha zamani, na milima mirefu ya theluji imezunguka pande zote. Huko Kitzsteinhorn juu kabisa kwanza aongee na daktari wake. Najua mtasema mbona watu wanalala Horombo kwenye Kilimanjaro mita 3,720 na huku ni 3,029 tu, lakini mpanda Kilimanjaro anakwenda kwa miguu siku mbili mwili unazoea, huku gondola inamtoa mita mia saba na kitu mpaka elfu tatu ndani ya saa moja hivi, na mtu wa presha anaweza akasikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Dawa zake abebe kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku.

Viatu vyake nunueni Munich, vyenye soli inayoshika, vikubwa kidogo ili soksi ya sufu iingie. Alafu kuna jambo watu hawatuambiagi: Kaprun kuna bwawa kubwa la maji ya moto na mama atalipenda kwa magoti yake, lakini huku Austria sehemu ya sauna watu wanakaa uchi kabisa, wanaume na wanawake pamoja, ndo utaratibu wao. Sehemu ya kuogelea ni ya mavazi. Pigeni simu kabla muulize kuhusu burkini, lile vazi la kuogelea la kufunika mwili, na wawaonyeshe wapi mwisho wa kwenda, mama asije akafungua mlango akakutana na asichokitarajia.

Tuje kwako mwanangu. Mumeo asikufundishe tena. Hata awe bingwa. Mimi nilianza skii na miaka 41, na mume wangu aliponifundisha tuligombana, mwalimu wa shule aliponifundisha siku ya tatu nilikuwa nashuka buluu nacheka. Mwalimu anajua miguu yako inatetemeka kwa sababu gani, na hana haraka ya kwenda kwingine. Lipia shule ya skii ya watu wazima wanaoanza, siku tatu mfululizo, sio moja. Mnaanza kwenye zulia, mkeka unaotembea wenyewe unakupandisha umesimama, na mnajifunza kufungua visigino skii ziwe kama kipande cha piza ili usimame, na mpaka uweze kusimama unapotaka hakuna atakayekupandisha popote. Kipindi hicho wanaoanza mara nyingi wanapelekwa juu kwenye theluji ya uhakika, muulizeni shule wanakutania wapi maana hilo linabadilisha basi la kupanda asubuhi.

Na chagua skii sio snobodi. Snobodi miguu yote imefungwa kwenye ubao mmoja, siku mbili za kwanza ni kuanguka kwa makalio na kwa magoti na kujikinga kwa viganja, alafu kuna zile lifti za kukuvuta zinawapa tabu sana wanaoanza. Mtu wa snobodi akishavuka hizo siku anakwenda haraka, ila wewe una hofu ya msimu uliopita, usiiongezee maumivu. Na chukua hii kanuni ya mlimani ikupe amani: anayetoka nyuma yako ndo mwenye jukumu la kukukwepa, sio wewe kumkimbia. We nenda taratibu yako, usisimame tu mahali pembamba au nyuma ya mwinuko ambapo wa juu hawakuoni.

Kwenye mavazi, hijabu vaa ile nyepesi ya michezo iingie chini ya helmeti, bila pini hata moja, na usivae mtandio mrefu wa kuning'inia, ukinaswa kwenye lifti ni hatari ya shingo. Ndani usivae pamba, inashika jasho na ukisimama unaganda. Mafuta ya jua pakeni wote, usisikilize anayesema ngozi yetu haiungui, theluji inarudisha jua usoni na mwezi wa tatu kule juu ni kali, na miwani ni lazima.

Kijana wako wa miaka 13 mwacheni kwenye snobodi, umri wake na hamu yake vinatosha, lakini naye shule siku tatu kwanza alafu ndo aende na baba yake, na mumnunulie kinga za vifundo vya mikono, hapo ndo wanapovunjika. Binti shule ya watoto, skii. Mkimwandikisha andikeni kabisa kwenye fomu hali nguruwe, maana watoto wengine wanakula mchana na walimu. Helmeti kwa watoto chini ya miaka 15 ni sheria kwenye mkoa wa Salzburg, ambao Zell imo, nyinyi wakubwa vaeni tu bila kuambiwa.

Pesa. Sitakudanganya, ni safari ghali, tiketi ya lifti ya mtu mzima kwa siku moja tu sasa hivi imepita yuro 70. Ndo maana nasema msikimbilie kununua tiketi za wiki nzima watu wote. Wewe na binti siku za mwanzo mnahitaji ile ya eneo la mazoezi tu, waulizeni shule kabla hamjanunua, watu wengi wanalipia milima yote miwili na hawatoki kwenye zulia. Mumeo akitaka tiketi kubwa inayounganisha na Saalbach, eneo jirani la kuteleza, kilomita 408 za njia, mwambie kwa asubuhi mbili haina maana. Nguo za watoto tafuta kwenye masoko ya vitu vya skii vilivyotumika, Bavaria yapo mengi mwezi wa 10 na wa 11, suruali na jaketi utapata kwa bei ya chini kabisa na mwakani mtoto amekua unaviuza palepale. Helmeti iliyotumika usinunue kama hujui imeanguka mara ngapi. Skii na buti kodini, na buti usikubali iwe kubwa ili uone raha dukani, inatakiwa ikubane kisigino kisinyanyuke, vidole viguse mbele kidogo tu.

Treni kutoka Munich ni safari ya kama masaa matatu na kubadilisha treni njiani, na wageni wanaolala mkoa wa Salzburg tangu 2025 wanapata tiketi ya usafiri wa umma wa mkoa, kwahiyo gari sio lazima. Mkienda na gari tairi za baridi zinatakiwa mpaka tarehe 15 Aprili, na mkiiacha barabara kuu kwenye njia ya kutokea ya Kufstein-Süd mkapitia St. Johann in Tirol hamhitaji stika ya barabara kuu. Kurudi mnaweza kukuta polisi wa Ujerumani mpakani, mama abebe pasi yake yenyewe sio kopi, na nyie kadi zenu za ukaazi.

Bima ndo pa kutobania. Kadi zenu za bima za Ujerumani zinawatibu Austria, lakini kushushwa mlimani na helikopta hazilipi, na hio ni maelfu ya yuro. Nunueni bima ya safari inayotaja uokoaji wa mlimani. Ya mama ile ya viza ya yuro 30,000 someni imeandika nini kuhusu presha aliyokuja nayo. Namba ya uokoaji wa milimani Austria ni 140, wekeni kwenye simu zote mpaka ya kijana.

Chakula cha mji kipo na halali utapata, wageni wa Ghuba wamejaa pale kiangazi ndo maana wifi yako alipapenda. Huko mlimani ulizeni tu: ile chapati tamu yao iliyochanwachanwa, Kaiserschmarrn, zabibu zake wakati mwingine zimelowekwa kwenye ramu, na supu nyingi zina vipande vya nguruwe.

Kumwambia mumeo, usimwambie usiku akitoka zamu amechoka. Mwambie mchana mkitembea, umuanzie na dakika 40, umwambie ulikaa pale unamsubiri yeye na hakurudi. Usiingize wifi wala mama yake. Alafu mpe ratiba: Jumapili kuzoea mji na kukodi vifaa. Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi wewe na watoto mko shule. Alhamisi na Ijumaa asubuhi ni zake, aende Kitzsteinhorn na kijana wake wakateleze mpaka waridhike, nyie mko ziwani. Na Jumatatu ile saa 3 asubuhi wewe ukiwa kwenye zulia na mwalimu wako, yeye ndo ampandishe mama yake Schmittenhöhe kwa gondola, amshike mkono akitoka kwenye kijumba, maana pale mlangoni sakafu inakuwa na maji na inateleza.